Ruhusa ya Msimamizi Katika Somo la Kuandika Programu: Kwa Nini Tuikatae

Utangulizi

Somo la kompyuta limeanza kubisha hodi katika shule zetu za msingi. Palipo na umeme na mashine chache, mwalimu hatakiwi tena kuwaonyesha watoto kipanya na kiwambo kisha akaishia hapo. Anatakiwa awafundishe kuiamuru mashine, yaani kuandika programu. Jambo hili ni jema, kwa kuwa mtoto anayeandika programu hujifunza kupanga mawazo yake hatua kwa hatua, kujaribu, kukosea na kusahihisha. Huo ndio moyo wa elimu tuitakayo.

Hata hivyo, pamoja na somo hili limeingia zoea moja ambalo, kwa maoni yetu, halifai kuachwa likaota mizizi. Programu ya mtoto inapokataa kufanya kazi, na kwenye kiwambo ukatokea ujumbe kwamba ruhusa imekataliwa, mwalimu huifunga programu ya kuandikia, huifungua upya kwa ruhusa ya msimamizi, na kazi ikaendelea kana kwamba hapakuwa na tatizo. Watoto hufurahi, kipindi huokolewa, na mwalimu huonekana fundi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zoea hili ni kosa la kiufundi na pia ni kosa la ufundishaji. Tunawaandikia wanachuo wanaojiandaa kwenda kufundisha, kwa sababu wao ndio watakaoweka desturi ya kwanza mahali ambapo bado hakuna desturi. Samaki mkunje angali mbichi.

Maana ya maneno tunayoyatumia

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Programu ambayo ndani yake mtu huandika, hujaribu na kusahihisha programu nyingine tutaiita hapa karakana. Mifano ni IDLE, ambayo huja pamoja na lugha ya Python. Thonny, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Na Visual Studio ya kampuni ya Microsoft, ambayo hutumiwa zaidi na mafundi waliokomaa.

Kila kompyuta ya siku hizi hutofautisha watumiaji wa namna mbili. Yuko mtumiaji wa kawaida, ambaye ana kabrasha lake mwenyewe na anaweza kuandika na kufuta vilivyo vyake, lakini hawezi kugusa vya wenzake wala vile vinavyoiendesha mashine. Kisha yuko msimamizi, ambaye anaweza kubadili karibu kila kitu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, msimamizi huyo huitwa root, na mtumiaji aliyepewa idhini huweza kuazima uwezo wake kwa kutanguliza neno sudo mbele ya amri. Katika Windows mtu hubofya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua iendeshwe kama msimamizi.

Tukitaka mfano ulio karibu nasi, tuufikirie ufunguo wa ghala la shule. Kiranja wa darasa hupewa ufunguo wa kabati la darasa lake, hapewi wa ghala. Hii si kwa sababu anadhaniwa kuwa mwizi, bali kwa sababu kazi yake haihitaji ghala. Siku akikosea akaacha kabati wazi, hasara haipiti kabati hilo.

Ruhusa hurithiwa

Liko jambo moja ambalo walimu wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo kiini cha hoja yetu. Programu inayoanzishwa na programu nyingine hurithi ruhusa za ile iliyoianzisha. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo mwalimu anapoifungua karakana kwa ruhusa ya msimamizi, hajaipa uwezo karakana peke yake. Kila programu itakayojaribiwa humo, ya mtoto mwerevu na ya mtoto mzembe, iliyo sahihi na iliyojaa makosa, itaendeshwa kwa uwezo uleule. Hakuna atakayeulizwa tena. Mwalimu alidhani amefungua mlango mmoja, kumbe amefungua milango yote mpaka karakana itakapofungwa.

Tukumbuke pia ni programu za namna gani zinazoandikwa darasani. Ni programu za watu wanaojifunza, ambazo kwa hali yake hazijakamilika. Hizo ndizo zilizostahili kupewa uwezo mdogo kuliko zote.

Funzo la historia

Wazo tunalolitetea si geni. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliokuwa wakifanya kazi katika chuo cha MIT cha Marekani, walichapisha makala juu ya kulinda habari katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizoziorodhesha ilikuwamo ile ya uwezo mdogo utoshao, kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kadiri kazi yenyewe inavyohitaji, pasipo kuzidi.

Kanuni ilikuwapo, lakini haikufuatwa kila mahali. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na kawaida ya kumpa uwezo wa msimamizi mtumiaji aliyefunguliwa akaunti wakati wa kuiweka katika mashine. Waandishi wengi wa programu nao walifanya kazi kwa uwezo huohuo mchana kutwa. Matokeo yake, waliandika programu zilizohifadhi mafaili yake katika sehemu za mfumo, na kwao zilikwenda vizuri. Zilipofika kwa mtumiaji wa kawaida, katika ofisi au shule, ziligoma. Wenye mashine nao, badala ya kuirudisha programu mbovu kwa aliyeiandika, wakawapa watumiaji wao uwezo wa msimamizi ili kazi iende. Hivyo kosa la mwandishi likawa mzigo wa mtumiaji, na virusi vikapata mlango wazi.

Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, Microsoft iliweka utaratibu mpya. Hata aliye msimamizi alifanya kazi zake za kila siku kwa ruhusa za kawaida, na jambo lilipohitaji uwezo zaidi aliulizwa kwanza. Watu wengi walilalamika kwamba maswali yamezidi. Ni kweli yalikuwa mengi, lakini sehemu ya lawama iliwastahili wale waliozoea kuandika programu zao kama wasimamizi kwa miaka mingi.

Mfano wa pili ni wa darasani hasa. Kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi ilianza kuuzwa mwaka 2012, na ilikusudiwa kuwafundisha vijana kuandika programu. Ina safu ya vipini ambavyo mwanafunzi huweza kuviunganisha na taa ndogo au kengele. Miaka ya mwanzo vipini hivyo havikuguswa na programu ya Python ila kwa uwezo wa root, na kwa sababu hiyo wanafunzi walifundishwa kuifungua karakana yenyewe kwa sudo. Kutaka kuwasha taa moja tu kukawa sababu ya kukabidhiwa mashine nzima. Mwaka 2015, toleo la mfumo wake lililojengwa juu ya Debian Jessie lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuvitumia vipini hivyo pasipo sudo. Yapasa tuzingatie namna tatizo lilivyotatuliwa. Aliyepewa uwezo zaidi hakuwa mwanafunzi. Kilichofanyika ni kumpa ruhusa ndogo iliyolingana na kazi yake. Hata hivyo, maelekezo ya zamani bado yamo vitabuni, na mwalimu asiyefahamu historia hii ataendelea kuwaandikisha watoto sudo bila sababu.

Madhara manne

Dhara la kwanza ni kwamba ruhusa ya msimamizi huficha kosa badala ya kuliondoa. Tuseme mwanafunzi ameandika programu ya kuhifadhi majina ya wanafunzi wenzake, akaielekeza iandike katika kabrasha la Program Files, ambamo Windows huweka programu zenyewe. Kwa ruhusa ya kawaida programu itakataliwa, na kukataliwa huko ni haki, kwa kuwa mahali pa kumbukumbu za mtumiaji ni katika kabrasha la mtumiaji. Kwa ruhusa ya msimamizi programu itakubali, na mwanafunzi ataondoka akiamini ameandika programu sahihi. Akiipeleka kwenye mashine nyingine itagoma, naye hatajua sababu. Mwalimu aliyeficha kosa la hesabu kwa kumwandikia mtoto jibu hana tofauti na mwalimu huyu.

Dhara la pili ni kwamba kosa dogo hupewa nafasi ya kuwa hasara kubwa. Mwezi Januari 2015 ilijulikana kwamba programu ya michezo ya Steam katika Linux ilikuwa na amri ya kufuta kabrasha lake, lakini jina la kabrasha hilo likitokea kuwa tupu, amri ilianza kufuta tangu mwanzo kabisa wa diski. Waliokumbwa na kosa hilo walipoteza mafaili yao wenyewe, na hasara hiyo haikuwa ndogo. Lakini kwa kuwa programu iliendeshwa kwa ruhusa ya kawaida, mafaili ya mfumo hayakuwa katika uwezo wake. Kosa la namna hii, yaani jina lililosahauliwa kujazwa, ndilo kosa ambalo mwanafunzi wa Darasa la Sita hulifanya kila wiki. Tofauti kati ya mtoto kupoteza zoezi lake na shule kupoteza mashine nzima, pamoja na kazi za mikondo mingine mitatu inayoitumia, ni ruhusa iliyotumika siku hiyo.

Dhara la tatu huonekana kesho yake. Katika Linux, faili lililotengenezwa na karakana iliyofunguliwa kwa sudo huwa mali ya root. Mtoto akirudi siku ya pili na kufungua karakana kwa ruhusa yake ya kawaida, ataweza kulisoma faili lake lakini atakataliwa kulihifadhi. Kazi ya mikono yake imekuwa ya mwingine. Mwalimu asiyejua chanzo atatumia sudo tena, na mafaili mengine yatafungwa vivyo hivyo, mpaka darasa zima lisiweze kufanya kazi bila uwezo wa msimamizi. Hapo zoea limekuwa sheria.

Dhara la nne ndilo kubwa kwetu sisi tulio walimu. Mtoto anayeona kila mlango uliofungwa ukivunjwa na mwalimu wake hujifunza kwamba mlango uliofungwa ni wa kuvunjwa. Hafundishwi kuuliza mlango huu unalinda nini, ni wa nani, na je, njia yangu ilikuwa huku kweli? Siku za usoni atakutana na ujumbe wa hadaa unaomwomba akubali programu asiyoijua ifanye kazi kama msimamizi, naye atabofya akubali kwa kuwa ndivyo alivyozoezwa shuleni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba kipindi ni cha dakika 40, mashine ni tano na watoto ni wengi, hivyo mwalimu hana nafasi ya kufanya uchunguzi kila programu inapokataliwa. Ugumu huu tunaujua na hatuudharau. Lakini mashine iliyoharibika haipotezi dakika 40. Hupoteza muhula, hasa pale ambapo fundi yuko mbali na fedha ya kumwita haipo. Aidha, kukataliwa mara nyingi huwa na sababu chache zinazojirudia, na mwalimu aliyejiandaa huzitambua mapema.

Wengine husema kwamba mashine za darasani hazina siri yoyote, basi hakuna cha kulinda. Jibu letu ni kwamba katika shule nyingi zenye mashine chache, ileile inayotumiwa na watoto asubuhi ndiyo itakayochapiwa mitihani na kutunziwa alama jioni. Na hata ingekuwa tupu, uzima wake ni mali ya watoto wa mwaka ujao.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, nalo ni kwamba zipo kazi zinazohitaji uwezo wa msimamizi kweli. Hatubishi. Kuweka programu itakayotumiwa na watumiaji wote, kufungua akaunti mpya, au kuweka programu inayoitambulisha mashine kwa kifaa kipya, yote hayo huhitaji msimamizi. Lakini hizo ni kazi za mwalimu, hufanywa kabla ya kipindi, moja baada ya moja, kisha ruhusa hurudishwa. Msemo wetu si kwamba ghala lisifunguliwe kamwe. Twasema lisifunguliwe asubuhi na kuachwa wazi hadi jioni kwa sababu mtu mmoja alitaka jembe.

Mbinu tunazozipendekeza

Ndugu mwanachuo, maoni yasiyo na njia ya utekelezaji ni maneno matupu. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kabla ya muhula kuanza, kila mashine iwe na akaunti mbili au zaidi: moja ya msimamizi, yenye neno la siri linalojulikana na mwalimu wa somo na mwalimu mkuu tu, na nyingine za kawaida kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu mwenyewe naye aandae na kufundisha masomo yake kwa akaunti ya kawaida. Programu iliyojaribiwa na mwalimu kama msimamizi haijajaribiwa bado.

Pili, watoto wazoezwe tangu siku ya kwanza kuhifadhi kila kitu katika kabrasha lao. Tabia hii peke yake itaondoa sehemu kubwa ya ujumbe wa kukataliwa.

Tatu, ujumbe wa kukataliwa usomwe kwa sauti na kufasiriwa kwa Kiswahili. Kisha yaulizwe maswali matatu. Programu ilitaka kufanya nini? Ilitaka kukifanyia wapi? Je, mahali hapo ni petu? Kwa kawaida swali la tatu hutoa jibu.

Nne, ijulikane njia ya haki badala ya njia ya nguvu. Anayehitaji maktaba za ziada za Python asiziweke kwa sudo. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina chombo kiitwacho venv ambacho humtengenezea mwanafunzi mahali pake pa kuziweka ndani ya kabrasha lake. Anayejaribu kuonyesha ukurasa wake kwa mashine za jirani katika Linux asing'ang'anie mlango namba 80, ambao kwa kawaida, pamoja na yote iliyo chini ya 1024, umetengwa kwa msimamizi. Atumie namba 8000, ambayo iko wazi kwa kila mtumiaji.

Tano, kukataliwa kwenyewe kufanywe somo. Mwalimu awape watoto programu ya mistari mitatu inayoandika jina katika faili. Mara ya kwanza waielekeze kwenye kabrasha lao, nayo itakubali. Mara ya pili waielekeze kwenye kabrasha la mfumo, kwa akaunti yao ya kawaida, nayo itakataa pasipo kudhuru kitu. Halafu wajadiliane katika vikundi kwa nini mtengenezaji wa mashine alipenda iwe hivyo. Wapeni nafasi ya kulinganisha na kabati la darasa, daftari la mahudhurio na ghala. Tunaamini katika majadiliano hayo watajifunza juu ya amana na mipaka mambo ambayo hotuba ya mwalimu isingeweza kuwafundisha.

Hitimisho

Yamkini wako watakaoona kwamba tunalikuza jambo dogo, na kwamba mtoto wa shule ya msingi hahitaji kujua habari za ruhusa. Sisi twaona kinyume chake. Mtoto huyu atakapokuwa mtu mzima, programu atakazoziandika yeye au wenzake zitatunza kumbukumbu za wagonjwa, akiba za wakulima na matokeo ya mitihani. Ni afadhali kwa jamii kama aliyeziandika alizoea tangu utoto kuomba kile tu ambacho kazi yake inahitaji.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa vyuo vyetu vya ualimu kwamba, katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo anayefundisha kuandika programu apimwe pia kwa jambo hili: je, aliendesha somo lake kwa akaunti ya kawaida, na programu ilipokataliwa alifanya nini? Aliyeifunga karakana na kuifungua upya kama msimamizi ameokoa kipindi kimoja. Aliyesimama na watoto wake mbele ya ujumbe ule, akawauliza maana yake mpaka wakaipata, amefundisha.